Kuifuata G6PD hadi Oxford

Kwetu Muheza, mkoani Tanga, mtu akimeza dawa, kisha baada ya siku mbili tatu akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa na macho yakageuka manjano, maelezo hayakosekani. Huyu atasema dawa ilikuwa kali, yule atasema kuna mkono wa mtu. Maelezo ya tatu niliyapata kwa simu, kutoka kwa mdogo wangu, binti wa mama mdogo, anayesomea shahada ya uzamivu ya baiokemia huko Oxford.

"Huenda ana upungufu wa G6PD, kaka," aliniambia. "Na hiyo G6PD ndiyo ninayoitengeneza mimi huku."

"Unaitengeneza kwa damu ya nani?"

Akacheka hadi nikaisogeza simu mbali na sikio. "Damu ya nani tena? Njoo ujionee."

G6PD ni enzaimu, yaani protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemikali mwilini. Kila mmoja wetu anayo. Ndani ya chembe nyekundu za damu kazi yake kubwa ni ulinzi: huwezesha kutengenezwa kwa kinga inayozuia chembe hizo zisiharibiwe na oksijeni kali na baadhi ya dawa. Mwenye upungufu anaweza kula, kulima na kucheza mpira miaka yake yote bila kujua, mpaka siku atakapokutana na dawa isiyomfaa. Hayo niliyaelewa kwa simu. Nisichokielewa ni namna mtu anavyoweza kusimama mezani akaitengeneza protini ya binadamu. Kichwani nilijichorea foleni ya wachangia damu na mifuko myekundu ikining'inia ukutani. Nilipopata nafasi ya kwenda Uingereza kwa mara ya kwanza, nilisafiri na picha hiyo.

Basi la alfajiri lilinishusha Mbezi, Dar es Salaam, jua likiwa utosini. Usiku nikapanda ndege, nikabadilisha Doha, na mchana uliofuata nikatua Heathrow nikiwa ndani ya koti la kuazima ambalo mikono ilinitosha lakini vifungo vilikataa kukutana. Ulikuwa mwezi wa Februari, wakati ambao Tanga hulali bila feni. Mlango wa uwanja ulipofunguka, hewa iliyonipiga usoni ilinifanya nirudi ndani kwanza, nijipange upya, ndipo nitoke tena.

Basi la kwenda Oxford halikuwa na konda wala mpiga debe. Nilipopanda nikawaamkia watu kwa sauti. Dereva aliitikia; abiria waliinua macho kutoka kwenye simu zao, wakayarudisha. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ilipofika, basi likaondoka huku zaidi ya nusu ya viti vikiwa vitupu, nami nikabaki nikiwahesabia wenyewe hasara. Nje, ardhi ilikuwa ya kijani kibichi ilhali miti yote imepukutika majani. Kwetu mti wa namna hiyo ungekuwa umeshageuka kuni. Huko huachwa, kwa sababu wanajua utaamka Aprili.

Mdogo wangu alinipokea kituoni Gloucester Green, skafu imemfunika mpaka puani. "Shikamoo kaka." Nikaitikia marahaba katikati ya Waingereza, na moyo ukatulia. Swali lake la pili lilikuwa kama nimemletea ubuyu. Tulipofika kwake ilikuwa saa kumi na moja na ushee jioni, na jua lilishazama. Nilitazama saa yangu mara mbili.

Jumapili jioni, mji ukiwa mapumzikoni, akaniambia twende kazini. "Bakteria hawajui Jumapili," alisema.

Maabara yenyewe ilianza na masharti. Nikatia sahihi kitabu cha wageni, nikavishwa koti jeupe na miwani ya plastiki, nikaambiwa kazi yangu ni kutazama na mikono ibaki mifukoni. Chakula hakivuki mlango, kwa hiyo ubuyu ulibaki kabatini koridoni. Kisha nikaingia, nikaitafuta damu. Hapakuwa na tone. Palikuwa na majokofu yanayonguruma, chupa za kila kimo, na harufu nzito ya hamira. Harufu hiyo ni ya chakula cha bakteria: dondoo la hamira, protini iliyokwisha kumeng'enywa, na chumvi, vyote vimechemshwa kwa mvuke ili visiwe na kijidudu chochote kingine.

Kutoka jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri alitoa kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Ndani alikuwamo Escherichia coli, bakteria aliyegunduliwa mwaka 1885 na daktari Theodor Escherich katika kinyesi cha watoto wachanga. Ndugu zake wengine huleta tumbo la kuhara, lakini huyu wa maabara amefugwa vizazi kwa vizazi hadi akawa mpole. Kichupa cha pili kilikuwa na tone la maji tu, kwa macho yangu. Mdogo wangu alisema ndani ya tone hilo mna jeni ya G6PD ya binadamu, imeunganishwa kwenye pete ndogo ya DNA.

"Na jeni hii ilitoka kwa nani?" Sikuwa tayari kuiachia damu yangu ya kufikirika.

"Haikutoka kwa mtu, kaka. Herufi zake zinajulikana tangu 1986. Niliziandika kwenye kompyuta, nikazituma kwa kampuni inayotengeneza DNA, wakaiunganisha herufi kwa herufi kwa kemikali, wakaniletea kwa posta. Ilikuja imekauka ndani ya kichupa, wala huioni kwa macho."

Hapo nikamkumbuka bibi, aliyekuwa na desturi ya kumwekea kuku mayai ya bata. Kuku hachunguzi ukoo. Amewekewa mayai, ataatamia, na bata watatotolewa. Bakteria naye akiingiziwa jeni ya binadamu huisoma na kuifuata, kwa kuwa mwandiko wa jeni ni mmoja kwa karibu viumbe vyote, kuanzia yeye hadi mimi. Mdogo wangu aliukubali mfano huo, akaongeza sharti moja: kuku wa bibi alibaki hai.

Lakini E. coli ana G6PD yake mwenyewe. Ukimwacha nayo, mwishoni hutajua unachopima ni cha mtu au cha kijidudu. Kwa hiyo kwa kazi hii huchaguliwa ukoo wa bakteria ambao jeni yao ya G6PD imeondolewa. Wanaishi bila hiyo kwa njia nyingine, na enzaimu yoyote ya aina hiyo itakayoonekana ndani yao ni ya binadamu tu. Nilipolisikia hilo ndipo nilipoanza kuwaheshimu watu wa kazi hii. Wanafikiria shaka ya mtu ambaye bado hajaiuliza.

Akavichanganya vichupa viwili juu ya barafu, akasubiri, akautumbukiza mchanganyiko kwenye maji ya nyuzi 42 kwa muda usiofika dakika, akaurudisha barafuni. Mshtuko huo wa joto ndio unaofanya baadhi ya bakteria waipokee ile pete. Kisha akaupaka kwenye sahani yenye ute mgumu wa mwani uliotiwa antibiotiki. Pete ina jeni ya pili inayomkinga bakteria na dawa hiyo. Aliyeipokea ataishi, asiyeipokea atakufa. Sahani ikaingia kwenye kabati la nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu. Lilikuwa joto la kwanza la kweli nililoliona tangu nitoke Dar es Salaam, na waliwekewa vijidudu.

Jumatatu asubuhi sahani ilikuwa na vidoa vyeupe, kila kimoja na ukubwa wa kichwa cha pini. Kila kidoa kilianza na bakteria mmoja, aliyejigawa mara kwa mara, takriban kila dakika 20, usiku kucha. Kwa kuwa hatua iliyofuata ilikuwa ya jioni, tulitoka kutembea.

Barabara ya South Parks ni ya majengo ya sayansi yaliyosogeana, na mdogo wangu alinitembeza humo akinisimulia. Upungufu wa G6PD ulianza kujulikana kwa njia ya aibu, gerezani. Katika gereza la Stateville, jimbo la Illinois, Marekani, wafungwa walitumika kujaribia dawa za malaria. Baadhi ya wafungwa weusi waliopewa primakwini walipungukiwa damu ghafla, na mwaka 1956 Paul Carson na wenzake wakaeleza sababu: chembe zao nyekundu zilikuwa na upungufu wa enzaimu hii. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma hapo hapo Oxford, akachapisha habari za upungufu huo katika damu za watu wa Afrika Mashariki. Ni Allison yule yule aliyekuwa ameonyesha, mwaka 1954, kwamba hitilafu ya selimundu humkinga mtu na malaria. G6PD pungufu nayo hutoa kinga ya kiasi, ndiyo maana imeenea zaidi mahali ambapo mbu wameua watu kwa vizazi vingi.

Nilisimama. Nimekua chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na ambako baadaye malaria ilichunguzwa kwa miaka mingi. Nilijua kwetu kuna malaria. Nilikuwa sijajua kwamba malaria ilikaa muda mrefu kiasi cha kuchagua damu ipi irithiwe.

Oxford ina mchango wake pia katika habari hii. Dorothy Hodgkin, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1964, alifanyia kazi mjini humu, na katika kundi lake lililoitambua sura ya insulini mwaka 1969 alikuwamo Margaret Adams. Mwaka 2000 Adams na wenzake wakachapisha sura ya G6PD ya binadamu, iliyopatikana kwa kupitisha miale ya eksirei kwenye fuwele za protini hiyo. Fuwele zinahitaji protini nyingi na safi, na kiasi hicho huwezi kukipata kwa kumtoboa mtu mshipa. Kwa hiyo hata picha ile ilipitia ndani ya bakteria. Njia ya kutengeneza G6PD ya binadamu ndani ya E. coli ilielezwa mwaka 1992 na kundi lililokuwa na Lucio Luzzatto, Mtaliano aliyewahi kufanya kazi Ibadan, Nigeria, na ambaye miaka ya baadaye alifundisha Muhimbili, Dar es Salaam. Nilipolisikia jina la Muhimbili katika barabara ile yenye ukungu, nilitembea wima zaidi.

Jioni kidoa kimoja kikachokolewa kwa ncha ya plastiki, kikatiwa kwenye chupa ndogo ya ule mchuzi wa hamira, kikalala humo. Jumanne chupa ndogo ikamiminwa kwenye chupa kubwa zenye matako mapana, lita moja ya mchuzi katika kila chupa, zikafungwa kwenye mashine inayozitikisa mfululizo ili bakteria wapate hewa. Kila baada ya muda mdogo wangu alichota kidogo, akapima ukungu wake kwa mwanga. Kipimo kilipofika 0.6 akaacha mazungumzo katikati ya sentensi. Akatia dawa iitwayo IPTG, yenye umbo linalokaribiana na la sukari ya maziwa. Bakteria akiipata hufungua swichi iliyotangulizwa mbele ya ile jeni ya binadamu, na kazi ya kutengeneza protini inaanza.

Nilitegemea aongeze moto. Akashusha joto hadi nyuzi 18. Bakteria akiwa kwenye joto hutengeneza protini mbio mbio, mnyororo unatoka kabla haujakunjwa vizuri, na yote hugandamana kuwa mabonge yasiyofaa. Akipozwa hufanya polepole na nyingi hutoka sawa. Juu ya mashine ile mdogo wangu amebandika karatasi ya Kiswahili: HARAKA HARAKA HAINA BARAKA. Wenzake wote wanaijua maana yake, na mmoja wao, Mskoti, aliitamka mbele yangu kwa lafudhi ya Glasgow.

Jumatano ilikuwa siku ndefu. Chupa ziliwekwa kwenye mashine ya kuzungusha, yenye nguvu mara maelfu kadhaa kuliko mvuto wa dunia, na bakteria wote wakakaa chini wakawa udongo laini wa rangi ya maziwa ya chai. Lita nzima ya mchuzi ilibakiza bonge dogo tu. Akalikoroga kwenye maji yenye chumvi, akaliweka barafuni, akanipa vizibo vya masikio. Kifaa chenye ncha ya chuma kinachotetema mara 20,000 kwa sekunde kikaingia ndani. Hata na vizibo nilihisi meno yakiwasha. Vifuko vya bakteria vilipasuka, na uji ule mzito ukawa maji ya manjano.

Sasa ndani ya maji yale mlikuwa na protini za E. coli za maelfu ya aina, na moja ya mtu. Utaipataje? Nilipouliza, aliniambia nitulie nitazame.

Tulihamia chumba baridi cha nyuzi 4, yeye na koti lake, mimi na koti langu lisilofunga. Nje nako kulikuwa nyuzi hizo hizo. Nilimuuliza kwa nini chuo kisifungue tu dirisha kikaokoa umeme. Hakunijibu, alikuwa amechuchumaa mbele ya bomba fupi la plastiki lililosimamishwa kwenye chuma. Ndani ya bomba mlikuwa na chengachenga za rangi ya samawati inayoelekea kijani. Rangi hiyo ni ya nikeli iliyoshikizwa kwenye chengachenga. Ile jeni aliyoiandika kwenye kompyuta aliiongezea kipande mwishoni, na kwa hiyo kila G6PD inayotoka humo ina mkia wa histidini sita, amino asidi mojawapo ya zile zinazojenga protini. Histidini hupenda nikeli. Protini za bakteria zisizo na mkia huo zitapita, yetu itanasa.

Akamimina. Maji ya manjano yakashuka tone kwa tone hadi kwenye chombo cha chini. Akaosha kwa maji ya chumvi, akaosha tena, mpaka kilichotoka kikawa cheupe kabisa. Kisha akatia maji yenye imidazoli, kemikali inayogombea na mkia wa histidini nafasi ya kushika nikeli. Ikiwa nyingi hushinda, na protini huachia. Matone yale aliyakinga katika vichupa vilivyopangwa kwa namba. Kwa macho yalikuwa maji matupu.

Pembeni aliweka sahani yenye vishimo vidogo, kila kimoja kina dawa ya rangi ya kahawia. Akachukua tone kutoka kichupa cha kwanza, akalidondosha kwenye kishimo cha kwanza. Kahawia ikabaki kahawia. Cha pili, kahawia. Tone la kichupa cha tatu lilipogusa tu, palitokea wingu la buluu katikati ya kishimo, likatanuka hadi ukingoni, likakolea. Cha nne kikawa buluu zaidi. Cha tano kikafifia, cha sita kikarudi kahawia. Dawa hiyo hugeuka buluu ikikutana na protini. Niliomba arudie. Alirudia, akanitazama kwa pembe ya jicho, na nadhani alifurahi kuliko alivyotaka nijue.

Alhamisi aliisahihisha kazi yake. Matone machache yalipitishwa kwa umeme kwenye kipande cha jeli, ambamo protini ndogo hukimbia mbele na kubwa hubaki nyuma. Jeli ilipotiwa rangi, njia ya maji ya kwanza ilikuwa na mistari isiyohesabika, na njia ya vile vichupa vya buluu ilikuwa na mstari mmoja mnene, karibu na alama ya kilodaltoni 59, ambao ndio uzito wa G6PD moja. Katika damu huwa haifanyi kazi peke yake. Huungana mbili mbili au nne nne.

Ila mstari kwenye jeli ni umbo tu. Je, inafanya kazi? Katika kichupa cha kioo alichanganya glukosi yenye fosfeti, ambayo ndiyo chakula cha enzaimu hii, pamoja na kemikali iitwayo NADP. G6PD ikiwa hai huchukua haidrojeni kutoka kwenye glukosi hiyo na kuifanya NADP kuwa NADPH, kile kinachoifanya ile kinga ya chembe nyekundu isiishe. NADPH hunyonya mwanga wa nanomita 340, ambao jicho la binadamu halioni lakini mashine huona. Akatia tone la protini, akafunga kifuniko. Kwenye skrini mstari ulikuwa umelala. Ukanyanyuka, ukapanda, ukaendelea kupanda bila kuyumba. Kitu kilichopaswa kufanya kazi ndani ya mwili wa mtu kilikuwa kikifanya kazi kwenye kichupa, kimelelewa na kijidudu, na mwanzo wake uliandikwa kwenye kompyuta. Nilisema "Allahu akbar" kwa sauti. Yule Mskoti akageuka.

Wakati huo huo mdogo wangu alikuwa ametengeneza sura ya pili ya protini hiyo, inayoitwa A minasi, ile inayopatikana sana kwa watu wa Afrika. G6PD ni amino asidi 515 zilizofuatana. Sura hii hutofautiana na ya kawaida mahali pawili tu: katika nafasi ya 68 valini imekuwa methionini, na katika nafasi ya 126 asparajini imekuwa asidi ya asparati. Alizipasha moto zote mbili kwa pamoja, akapima tena. Ya kawaida ilivumilia. Mstari wa A minasi ulikata tamaa mapema, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo ulivyolala.

Kutoka hapo alinieleza jambo lililonifungua macho kuliko yote ya safari hii. Chembe nyekundu ya damu haina kiini, kwa hiyo haiwezi kutengeneza protini mpya. Itaishi takriban siku 120 kwa akiba iliyozaliwa nayo. G6PD ya kawaida inadumu hadi mwisho. A minasi inachoka njiani, na chembe kuukuu hubaki bila ulinzi. Dawa kama primakwini ikiingia, hizo kuukuu ndizo zinazopasuka, na rangi yake ndiyo inayoonekana kwenye mkojo. Changa hubaki. Hakuna mkono wa mtu hapo. Kuna nafasi mbili katika 515. Na kwa kuwa jeni hii imo kwenye kromosomu X, ambayo mwanamume anayo moja tu, upungufu mkali huwapata zaidi wavulana, wakiwa wameurithi kwa mama.

Ijumaa protini ilikuwa imeoshwa imidazoli, ikaongezwa gliseroli, ikagawanywa kwenye vichupa vidogo mno. Mdogo wangu alivaa glavu nene, akavitumbukiza kimoja kimoja kwenye naitrojeni ya maji, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kila kichupa kililia tsss, moshi mweupe ukatambaa mezani, kisha kimya. Vikabandikwa karatasi: jina la protini, sura yake, tarehe, kiasi, na maneno yasemayo ni kwa utafiti wa maabara tu.

Niliyasoma maneno hayo mara kadhaa, kwa sababu nilijua swali linalonisubiri nyumbani. "Kwa hiyo hii si dawa?"

"Si dawa. Hata ukimchoma mtu sindano ya hii haitamfaa. Inatakiwa iwe ndani ya chembe nyekundu, na haina njia ya kuingia. Isitoshe imetoka ndani ya bakteria, ina mabaki yanayoweza kumletea mtu homa kali."

"Sasa ya nini?"

"Ya kuulizia maswali, kaka. Nikitaka kujua kama kemikali fulani inaweza kuishika A minasi isichoke, siwezi kuanza kwa mtu. Naanza na hii."

Na maswali hayo yanaulizwa kweli. Mwaka 2018 kundi la Daria Mochly-Rosen wa Stanford, Marekani, lilitangaza kemikali ndogo waliyoiita AG1, inayosaidia G6PD dhaifu zikae zimeungana na kufanya kazi zaidi. Hiyo nayo bado ni ya maabara. Insulini ilipita njia ndefu ya namna hiyo: ya binadamu ilitengenezwa ndani ya E. coli mwaka 1978, na ikaruhusiwa kuwa dawa mwaka 1982. Leo mgonjwa wa kisukari Tanga anaweza kujichoma insulini iliyolelewa na bakteria, na hakuna anayemuuliza ni damu ya nani.

Nilirudi nyumbani bila kichupa chochote. Vile vilibaki jokofuni kwao. Nilichokuja nacho ni hukumu yangu. Nilikwenda nikitegemea kuona jambo lisilowezekana kwetu, nikakuta barafu nyingi, subira na umeme usiokatika usiku. Aliyeifanya kazi ile alisoma shule ya kata, na mikono yake ndiyo ile ile iliyokuwa ikimenya machungwa nasi barazani Muheza. Nchi ambayo malaria imeichagulia damu yake ina haki, na sababu, ya kuwa na vyumba vya kuichunguzia damu hiyo.

Mpaka vyumba hivyo vitakapojaa, kuna machache ambayo msomaji anaweza kuyafanya leo. Wenye upungufu wa G6PD duniani wanakadiriwa kuzidi milioni 400, na wengi wao ni wazima. Dozi moja ndogo ya primakwini, ya miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, inayotolewa kuzuia malaria isisambae, Shirika la Afya Duniani limeikubali tangu 2012 bila kulazimisha kipimo. Dozi ya siku 14, na dawa iitwayo tafenokwini, inayomezwa mara moja, ni habari nyingine: hizo zinahitaji kipimo kwanza. Vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye sanduku la nguo visiwe karibu na nguo wala blanketi za mtoto mchanga, kwa sababu navyo hupasua damu ya mwenye upungufu. Na mtu akikojoa mkojo wa rangi ya kahawa baada ya kumeza dawa yoyote, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, chukua na pakiti ya dawa, na mwombe daktari ampime G6PD sasa na amrudie kumpima baada ya miezi mitatu, kwa kuwa chembe changa zilizobaki zinaweza kukidanganya kipimo cha kwanza.